Mwaka Mpya: Ni Nani Anayepumzika Nyumbani Kwenu?



Kila Januari wengi wetu huketi na kalamu na kuorodhesha mambo ya mwaka: karo, mbegu na mbolea, mabati, deni la chama. Hayo ni mema. Lakini kuna swali ambalo mara nyingi halimo katika orodha hiyo: je, mtu anaweza kuipenda familia yake, akaifanyia kazi kwa bidii, na bado akaikosea?

Nitaanza na kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita, tarehe 1 Januari, tulitoka Misa nikawaalika jamaa na marafiki nyumbani. Sisi wanaume tuliketi chini ya mti tukila na kuzungumza. Nikawaambia kwamba mwaka huo nimeazimia kupumzika kila Jumapili, kama amri ya tatu inavyotuagiza. Mke wangu, ambaye alikuwa ameamka saa kumi alfajiri kukanda chapati, alipita na sufuria bila kusema neno. Usiku, vyombo vikiisha kuoshwa, aliniuliza kwa upole: "Baba watoto, amri ya tatu iliandikiwa wanaume peke yao?"

Nilikosa jibu, mimi katekista! Nikafungua kitabu cha Kutoka, sura ya 20. Pale Mungu anaagiza wapumzike mwana na binti, mtumwa na mjakazi, mgeni, hata mnyama wa kufugwa. Ikiwa Mungu aliukumbuka mgongo wa punda, mimi nilimsahauje mwenzangu?

Pengine mtasema: "Kazi za nyumbani haziishi. Watoto wasile kwa sababu ni Jumapili?" La, watakula, na ng'ombe atakamwa. Lakini pumziko ambalo mmoja hulipata kwa kumlemea mwingine si pumziko la Mungu. Jambo hili linawahusu akina mama pia. Yuko baba anayefanya kazi mjini mwezi mzima. Akifika nyumbani hupokewa mlangoni na orodha ya shida kabla hajanywa hata chai. Tukingoja kazi na shida ziishe ndipo tupumzike, tutazikwa tukiwa tumechoka.

Mwaka 1998 Papa Yohane Paulo II aliandika barua juu ya Siku ya Bwana. Alitukumbusha kwamba Jumapili ni siku ya Misa, na vilevile ni siku ya furaha, ya kupumzika na ya kuwajali wengine. Na "wengine" hao wa kwanza ni wale tunaolala nao chini ya paa moja.

Basi tufanye nini? Kabla shule hazijafunguliwa, chagueni jioni moja. Watoto wakilala, zimeni redio na simu. Anzeni na shukrani: kila mmoja ataje mambo matatu mema aliyotendewa na mwenzake mwaka uliopita. Kisha kila mmoja aulize, "Ni wapi nilikuchosha?" na asikilize bila kujitetea. Mambo ya pesa yaje mwisho, maana mkianza na karo mtamaliza kwa ugomvi.

Halafu chagueni mazoea mawili tu. Maazimio kumi hayafiki Februari, lakini haba na haba hujaza kibaba. Kwetu sisi, githeri ya Jumapili huchemshwa Jumamosi, na baada ya chakula mimi na wavulana huosha vyombo. Mwanzoni majirani walinicheka. Siku nyingine bado tunateleza, lakini juma linalofuata tunaanza tena. Na saa ile ya alasiri tunapoketi wawili nje bila haraka, nimesikia kutoka kwa mke wangu mambo ambayo sikuyajua kwa miaka mingi.

Tarehe 1 Januari ni sherehe ya Maria Mama wa Mungu, na tangu mwaka 1968 Kanisa huiadhimisha pia kama Siku ya Amani Duniani. Amani hiyo tunayoiombea mataifa, tuianzishe jikoni mwetu. Heri ya mwaka mpya!

Maswali ya kujadiliana wawili:
1. Jumapili iliyopita, ni nani alipumzika nyumbani kwetu, na ni nani hakupumzika?
2. Ni kazi gani moja ninayoweza kukupokea mwaka huu?
3. Ni saa ipi katika juma tutakayoketi pamoja, wawili tu?