Nani Amepika Bia Hii?

Chini ya kifuniko cha kopo la Coopers, kampuni ya Adelaide nchini Australia iliyoanzishwa mwaka 1862, kuna pakiti ya hamira ya gramu 7. Ndani ya kopo mna kilo 1.7 za rojo zito: sukari iliyokwisha kutolewa katika kimea cha shayiri, kutiwa uchungu wa hopsi na kupunguzwa maji kiwandani. Mnunuzi huliyeyusha kwa maji moto ndani ya ndoo, huongeza kilo moja ya sukari, hujaza maji baridi hadi lita 23, hunyunyiza hamira na kufunika. Wiki kadhaa baadaye huwamiminia wageni na kutamba kwamba bia hiyo amepika mwenyewe.

Je, amesema kweli?

Wanaoanzia kwenye nafaka humcheka. Wao huloweka kimea kilichosagwa katika maji ya nyuzi 65 hivi kwa muda wa saa nzima, wanga ugeuke sukari, kisha huchuja na kuchemsha pamoja na hopsi. Kwao, mwenye kopo amepasha kiporo tu. Lakini wachekaji nao kimea wamekinunua kwa gunia, na hamira yao imetoka maabara, kwa njia aliyoianzisha Emil Christian Hansen katika kiwanda cha Carlsberg, Copenhagen, mwaka 1883. Na kule Kilimanjaro, mama anayenunua sokoni unga wa kimea cha ulezi hasikii mtu akimwambia kwamba pombe ya mbege anayoipika si yake.

Aristotle alitenganisha vitu vya asili, ambavyo chanzo cha mabadiliko yake kimo ndani yake, na vitu vya ufundi, ambavyo hubadilishwa na mkono wa nje. Kitanda hakijiundi. Bia inavuruga mgawanyo huo. Kinachogeuza sukari kuwa kileo ni hamira, kiumbe hai, kama Louis Pasteur alivyoeleza katika kitabu chake cha mwaka 1876 kuhusu bia. Wakati huo mpishi amelala, awe wa kopo au wa gunia.

Kama jasho halitoshi kuamua, labda lawama itasaidia. Ndoo isiposafishwa sawasawa, bia huchacha. Chupa zikizidishiwa sukari, hupasuka. Hapo kiwanda hakidaiwi kitu. Anayebeba lawama ya bia mbovu, mtu angesema, ana haki pia ya sifa ya bia nzuri.

Marekani hoja hiyo iliwahi kuwa na faida ya fedha. Marufuku ya pombe ilipoanza Januari 1920, Anheuser-Busch na Pabst waliuza rojo la kimea kama kiungo cha mapishi, mikate na mengineyo. Nani hakujua lilikokwenda? Kwa sheria ya wakati ule, muuzaji alitaka sana mnunuzi ndiye awe mpishi wa bia, peke yake, kwa asilimia mia. Ilibidi kungoja hadi Oktoba 1978, Rais Jimmy Carter alipotia saini sheria iliyoondoa kosa la kupika bia nyumbani katika ngazi ya taifa.

Hata hivyo, mlinzi naye hulaumiwa mwizi akivunja nyumba ambayo si yeye aliyeijenga. Lawama huonyesha kwamba mtu ana fungu katika kazi. Haionyeshi ukubwa wa fungu lenyewe. Kinachoupima ni uamuzi. Aliyefuata karatasi ya maelekezo mstari kwa mstari amefanya kazi halali ya utekelezaji, na majivuno yake yapunguzwe kidogo. Safari ya pili akiacha sukari nyeupe na kutia unga wa kimea, akaloweka nafaka chache zilizokaangwa ili bia ipate weusi, akahamishia ndoo kwenye chumba chenye ubaridi kwa sababu ile ya kwanza ilimkera ulimini, bia hiyo kiwanda cha Adelaide hakikuwahi kuifikiria. Kopo ni lilelile.