Kompyuta Ikisema Umeiba



Wapenzi wa muvi za zamani wanaijua 2001: A Space Odyssey ya Stanley Kubrick, ya mwaka 1968. Kompyuta iitwayo HAL 9000 inaendesha chombo cha angani. Ina jicho jekundu, inaongea kwa upole, inacheza chesi, halafu inaanza kuua watu. Inasema kifaa fulani kinakaribia kuharibika. Wanaanga wanakipima, wanakikuta kizima. Jibu la HAL? Kosa lazima ni la binadamu.

Programu za kweli hazina roho mbaya hiyo. Mtakatifu Thoma wa Akwino anafundisha kuwa tendo la kimaadili hutoka kwenye akili na utashi. Programu haina utashi. Haiwezi kutenda dhambi hata ikitaka (na kutaka kwenyewe haiwezi). Basi tulale usingizi? Hapana jamani.

Kule Uingereza, mwaka 1999 shirika la posta lilianza kusambaza mfumo wa hesabu uitwao Horizon, wa kampuni ya Fujitsu. Hauna jicho wala sauti, ni tarakimu tu kwenye skrini. Mfumo ukawa unaonyesha upungufu wa fedha ambao haukuwepo. Wasimamizi wa matawi madogo ya posta zaidi ya 900 wakatiwa hatiani kwa wizi, ulaghai na kughushi hesabu. Mama mmoja alifungwa akiwa mjamzito. Wapo waliojitoa uhai. Wengi walipoomba msaada waliambiwa: ni wewe peke yako mwenye tatizo hili. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ikathibitisha mfumo ulikuwa na kasoro, na mwaka 2024 Bunge likapitisha sheria ya kufuta hukumu hizo.

Kwenye muvi, wanaanga wawili wanaitilia kompyuta shaka, wanajificha wajadiliane. Kwenye maisha halisi, watu wenye dhamiri waliiamini skrini kuliko jirani yao.

Sasa, nani alivunja amri ya nane? Mashine haikujua inasema uongo. Waliojua kasoro wakanyamaza, dhambi yao iko wazi. Wanaonisumbua ni wale wasiojua: karani, mwanasheria kijana, mteja aliyeacha kumsalimia mama wa posta. Katekisimu, namba 2477, inasema anayekubali kosa la jirani bila msingi wa kutosha, hata kimoyomoyo tu, ana hatia ya kuhukumu ovyo. Mimi naona skrini pekee haikuwa msingi wa kutosha. Swali la kuuliza lilikuwa dogo: je, na wengine yamewapata? Wangeuliza, wangehesabu mamia.