Kuvumwani na Hoja ya Augustino

Limuru iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na ukungu wake wa asubuhi hauna haraka ya kuondoka. Nyasi za Kikuyu ni wenyeji wa nyanda hizi, kabla hata hazijapelekwa Australia na California, lakini zinataka jua. Chini ya miti hufanya vipara, na kwenye vipara huja kuvumwani: ya kijani, laini, chepechepe mwaka mzima.

Mwenye bustani hukasirika. Hununua salfeti ya chuma, huinyunyiza, na siku chache baadaye kuvumwani imekuwa nyeusi kama masizi. Ushindi! Kisha masika huja, nayo inarudi.

Ilikuwako dini iliyojengwa juu ya hasira ya namna hii. Mani, aliyezaliwa katika nchi ya Babeli mwaka 216, alifundisha kwamba ubaya ni kitu halisi, giza lenye nguvu zake lenyewe, linalopigana na nuru. Augustino, Mwafrika wa Thagaste katika Algeria ya leo, aliifuata imani hiyo kwa miaka kama tisa kabla ya kubatizwa Milano mwaka 387. Akaja kuamini kinyume chake: ubaya si kitu, ni kukosekana kwa wema pale ulipostahili kuwapo. Kidonda kikipona, alieleza, hakihamii pengine. Kinakoma tu.

Watunza bustani wazoefu wako upande wake, hata wasiomjua. Kuvumwani haina mizizi ya kweli, hainyongi nyasi wala hainyonyi utomvu wake. Hukalia nafasi iliyoachwa wazi. Kwa hiyo wao huuliza habari za udongo. Umekanyagwa mpaka ukashikamana? Maji yanatuama? Nyasi zinakatwa karibu mno na ardhi? Huchoma mashimo kwa uma wa shambani, hujaza mchanga, hupunguza matawi, hutia chokaa pale tu udongo unapopimwa na kuonekana una asidi, kisha mvua zikianza hupandikiza vipande vya nyasi kwenye vipara. Dawa peke yake ni umani mtupu.

Lakini iko Kyoto. Bustani ya hekalu la Saihoji ilitengenezwa upya na mtawa Muso Soseki mwaka 1339. Karne zilizofuata ikapuuzwa, unyevu ukaimiliki, na sasa imetandikwa aina zipatazo 120 za kuvumwani. Mwaka 1994 UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia. Katika bustani za namna hiyo, kinachong'olewa kwa mkono ni nyasi.

Mwanateolojia Thomas wa Akwino angejibu kwamba si kila kukosa ni ubaya: jiwe lisiloona halina kasoro, jicho lisiloona linayo, kwa kuwa kuona ni haki ya jicho. Sawa. Ila kipande cha ardhi chini ya mti hakina haki ya nyasi; nyasi ni matakwa ya mwenye nyumba. Hapo hoja ya Augustino inachechemea, na afadhali ichechemee bustanini tu, maana mtoto mwenye njaa anakosa kilicho chake, atazamwe na yeyote. Kuhusu kile kivuli kizito cha Limuru, wapo walioacha kuzipigania nyasi wakapanda kangaga.