Mabaki ya Chombo na Dhima ya Mwenyewe

Maji yakipwa sana hapa Bagamoyo, chini ya soko la samaki, hutokeza mchangani mataruma ya jahazi la zamani, meusi, yaliyotobolewa na wadudu wa baharini, na misumari yake ingali imesimama ikingojea nyayo na nyavu. Na maji yakijaa hufunikwa yote, hata mgeni asijue kuwa hapo pana kitu. Asubuhi moja nilimkuta mzee akishona jarife lake lililoraruka humo. Nikamwamkia, nikamuuliza chombo kile kilikuwa cha nani. Akajibu bila kuinua macho: "Mwenyewe alisema Mungu kakichukua, mwanangu. Misumari kaniachia mimi."

Basi ikanijia mas'ala ya kale: mtu aliyepotelewa na mali yake kwa kudura ya Mola, akasubiri, akasema hana tena haki humo, je, amejivua pia dhima ya dhara lililobaki? Wako wanazuoni waliosema kwamba mali iliyozama, mwenyewe akiikatia tamaa, huwa ya mzamiaji aliyeitoa. Na hukumu hiyo naiona ya rehema. Lakini aachaye mali huacha kilicho chake, ilhali njia ya bahari ni ya watu wote, na Mtume, rehema na amani zimshukie, alihesabu kuondoa kero njiani kuwa tawi la imani, wala sijasikia kuwa alikusudia njia za nchi kavu peke yake.

Huko Unguja, tarehe 27 Agosti 1896, mizinga ya Waingereza iliizamisha Glasgow, meli ya Sultani, mbele ya kasri yenyewe, na milingoti yake ikabaki juu ya maji hadi 1912, ndipo ilipovunjwa na kuondolewa. Nani alidaiwa kazi hiyo, aliyezamishiwa au aliyezamisha? Mkataba wa kuondoa mabaki ya meli uliopitishwa Nairobi tarehe 18 Mei 2007, ukaanza kutumika 14 Aprili 2015, ungemsamehe mwenye meli kwa sababu ya vita. Pasipo udhuru wa namna hiyo, mwenye meli aliyesajiliwa ndiye alipaye gharama za kuyatafuta mabaki, kuyawekea alama na kuyaondoa, hata asipokosea lolote. Na meli ya tani 300 au zaidi sharti iwe na bima.

Udhuru wa vita naukubali. Unaonitatiza ni ule mwingine wa mkataba huo, wa tufani isiyo na kifani wala kizuizi, kama ile ya 1872 iliyoangamiza merikebu za Sultani Barghash na kubomoa misheni ya hapa Bagamoyo. Kudura huondoa lawama. Deni ni jambo jingine. Mtoto asiyebaleghe akivunja chungu cha jirani hana dhambi, na hata hivyo thamani yake hutolewa katika mali ya mtoto huyo. Na mafakihi wana kaida kwamba apataye faida ndiye abebaye gharama: aliyekula nauli za safari njema, kwa nini hasara ya safari mbaya aibebe mvuvi?

Jahazi letu ni dogo mno kwa bima hiyo ya lazima, tena limelala pwani kabisa, mahali ambapo mkataba huo haufiki ila serikali yenyewe ipende kuufikisha. Hapana, basi, wa kumshurutisha mwenyewe ila dhamiri yake, naye alikwisha kuhama mji.

Mzee alipokata uzi wa mwisho alitoa koleo katika kikapu, akang'oa misumari miwili, na wa tatu ukakataa. Maji yalikuwa yameanza kujaa.