Je, Fedha Imepotea?

Baada ya ibada twawasikia baadhi yetu wakinung'unika: "Tumelipia bima ya afya, mwaka umekwisha bila kuugua, fedha imepotea bure." Nasi twauliza: imepotea wapi? CHF ilipoboreshwa mwaka 2018, kaya ya watu sita ililipa shilingi 30,000 kwa mwaka. Mtoto wa jirani akilazwa juma zima, mchango wa baba yake hautoshi. Hutibiwa kwa fedha yetu sisi tuliokuwa wazima. Haikupotea. Imelala kitandani pamoja na yule mtoto.

Lakini hiyo hesabu ya watu sita yatusumbua. Bibi anayelea wajukuu saba amwache yupi nje ya kadi? Twaogopa kwamba atakayeachwa ni yatima aliyeletwa mwisho.

Wako pia wanaosema kwamba ruzuku ya TASAF kwa kaya maskini huwazoesha watu uvivu. Sehemu ya fedha hiyo ilitolewa kwa ajili ya watoto, kwa sharti la kuhudhuria kliniki na shule. Mtoto wa miaka mitatu alikataa kazi gani hata aitwe mvivu? (Sisi wenyewe tulilishwa miaka mingi kabla ya kushika jembe.)

Tumewaomba wazee wa kanisa waandike majina ya watoto wa mtaa wetu wasio na kadi, kabla ya sadaka ya mavuno kugawanywa.