Je, Asili Duni Humpunguzia Mtu Heshima?

Katika vijiji vingi kuna maneno yanayoumiza kuliko fimbo. “Wale ni watu wa kuja tu.” “Babu yake alinunuliwa kwa chumvi.” Mwenye kusema hivyo hataji kosa lolote alilolitenda mwenzake, ataja tu mahali alipotoka. Naye mwenye kuambiwa huinamisha kichwa, kana kwamba ametenda uovu. Basi yafaa kuuliza kwa makini: Je, thamani ya mtu yatoka katika asili yake?

Swali hili laweza kupata mwanga kutoka kwa mnyama mmoja aliye duni sana machoni pa watu. Wataalamu humwita asidia. Watu wa barani hawamjui, kwa kuwa haonekani katika Ziwa Tanganika wala katika mito. Aishi katika maji ya chumvi tu. Hujibandika juu ya miamba, juu ya nguzo za gati na chini ya meli. Umbo lake ni la mfuko mdogo wenye matundu mawili: maji huingia kwa tundu moja na kutoka kwa lingine, naye hula vitu vidogo sana anavyovichuja humo. Akiguswa, hujikaza na kurusha maji. Hana kichwa, hana mguu, hana mfupa. Aristotle, mwenye hekima wa Wagiriki, aliyeishi zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, aliandika kwamba mnyama huyu hapitani sana na mmea. Baadaye wataalamu walimhesabu katika jamii ya chaza na konokono.

Mwaka 1866 Mrusi mmoja, jina lake Aleksandr Kowalevsky, alitangaza habari iliyoshangaza wengi. Yeye hakuridhika kumtazama asidia mzima tu, bali alilifuata yai lake hatua kwa hatua kwa hadubini. Akaona kwamba katika yai hilo hautoki mfuko. Hutoka kiluwiluwi, mfano wa kiluwiluwi wa chura, mwenye urefu upatao milimita 1, mwenye mkia, naye huogelea. Ndani ya mkia wake mna ufito laini unaoukaza mwili, na juu ya ufito huo hupita uzi wa neva. Katika aina moja ijulikanayo sana, ufito huo una chembe hai 40, wala hazizidi.

Ufito wa namna hiyo hiyo huonekana katika wanyama wote wenye uti wa mgongo wanapoanza kuumbika: samaki, chura, kuku na mbuzi. Hata mtoto wa binadamu, awapo tumboni mwa mama yake, huanza kuupata katika juma la tatu. Baadaye uti wa mgongo hushika mahali pake, lakini mabaki ya ufito hukaa katikati ya vipande laini vinavyotenga pingili za mgongo. Charles Darwin, Mwingereza, aliitumia habari hii katika kitabu chake cha mwaka 1871 juu ya asili ya mtu. Na mwaka 2006 wataalamu waliolinganisha jeni za wanyama wengi walionyesha kwamba, katika wanyama wote wasio na uti wa mgongo walio hai leo, asidia na jamaa zake ndio walio karibu zaidi na wale wenye uti huo.

Mawe nayo yana ushuhuda wake. Katika milima ya Kanada, Charles Walcott aliokota alama za mnyama mwembamba wa baharini wa kale, akamwita Pikaia. Mwaka 1911 alimwandika kuwa ni mnyoo, lakini wengine waliomchunguza baada yake waliona kuwa yu karibu na ukoo wa wenye uti wa mgongo. Mawe hayo yana umri wa miaka milioni 508 hivi. Na mwaka 2023 wataalamu walieleza alama ya mnyama wa jamii ya asidia katika jiwe la Utah, nchini Marekani, lenye umri wa miaka milioni 500 hivi. Hakuna asemaye kwamba samaki au mtu alizaliwa na asidia wa leo. Wasemalo ni kwamba wote hao ni matawi ya shina moja la kale, lililoota baharini.

Wengine wakisikia hayo hukasirika. Husema: “Mtu na mfuko wa maji wawe jamaa? Hayo ni matusi.” Jibu ni hili: chungu kizuri hakioni haya kwa sababu kilitoka katika udongo. Maandiko Matakatifu yenyewe yafundisha kwamba mtu aliumbwa kwa mavumbi, wala hakuna Mkristo aliyeona fedheha kwa neno hilo. Mwaka 1950 Baba Mtakatifu Pio wa Kumi na Mbili, katika barua yake Humani generis, aliwaachia wataalamu nafasi ya kuchunguza kama mwili wa mtu ulitoka katika viumbe hai vya awali. Akakaza tu kwamba roho ya kila mtu huumbwa na Mungu mwenyewe. Thamani ya kitu haisomwi katika malighafi yake, wala haisomwi katika umri wa shina lake.

Lakini asemaye hivyo hana budi kufika mwisho wa neno lake. Kama asili duni haileti aibu, asili kuu nayo haileti sifa. Mtu hawezi kushika nusu ya hoja na kuitupa nusu. Mjukuu wa mtemi ajivunaye damu yake, akipanda ngazi ya mababu hatua kwa hatua, hatakomea kwa mtemi yule. Atapita kwa watu wasio na jina, kisha kwa viumbe visivyo na neno, hata afike majini. Huko atamkuta mjukuu wa mtumwa amekwisha fika kabla yake, kwa maana ngazi ni moja.

Tena yuko atakayesema: “Tazameni huyo asidia! Alikuwa na mkia na ufito, akavitupa.” Ni kweli kwamba kiluwiluwi huogelea saa chache au siku chache bila kula, kisha hujibandika kwa kichwa mahali pagumu. Mkia wake humezwa na mwili wake mwenyewe, ufito hutoweka, na sehemu kubwa ya neva zake hubomoka, ndipo ageukapo mfuko. Mhubiri mwenye haraka angemwita mvivu aliyepoteza urithi wake. Lakini hukumu hiyo si ya haki. Asidia hakuchagua, afuata maumbile yake, na njia hiyo imewalisha wenzake kwa mamia ya mamilioni ya miaka. Lawama hutafuta mwenye hiari, na mwenye hiari ni mtu.

Hapa mambo mawili yapasa kutengwa. La kwanza ni heshima ya utu. Hiyo kila mtu anayo kwa kuwa ni mtu. Haikununuliwa na babu, wala haikuuzwa pamoja na babu. La pili ni sifa na lawama. Hizo hufuata matendo, na matendo ni ya mwenyewe aliyeyatenda. Basi katika habari za utumwa wa zamani, aibu ni ya nani? Aliyekamatwa na kuuzwa hakutenda kosa. Aliyemkamata na kumuuza ndiye aliyetenda. Hata hivyo, katika vijiji vingine wajukuu wa aliyeuzwa ndio huona haya, na wajukuu wa muuzaji ndio hutembea kifua mbele. Kumbe wajukuu wa muuzaji nao hawana kosa; kosa lao ni pale tu wanapojisifia jambo hilo.

Wazee watauliza: “Je, mithali haisemi, mwacha asili ni mtumwa?” Yasema, nayo yasema kweli. Lakini mithali yaagiza kutoiacha asili. Haiagizi kuifanya fimbo ya kumpigia jirani. Asili ni deni. Anayejua kwamba alipokea mwili, lugha, shamba na jina kutoka kwa waliomtangulia, hujua kwamba hakujiumba, naye hushukuru. Majivuno na shukrani hutazama mababu wale wale, lakini majivuno husema, “Mimi ni mkubwa,” na shukrani husema, “Nimepewa.”

Jambo hili hupimwa siku ya posa. Kijana aja kwa adabu kumwomba binti, na wazee wa ukoo wakaa kufanya shauri. Wakiuliza kama kijana ni mkweli, kama hupenda kazi, kama hulewa, kama huwaheshimu wazazi wake, waulizavyo ni haki, maana hayo ni matendo yake. Lakini wakimrudisha kwa sababu bibi yake aliletwa na kamba shingoni, wamemtoza mtu deni asilolikopa. Mzee mmoja tu katika baraza akithubutu kusema hivyo waziwazi, hata akichekwa, amelinda heshima ya kijana yule, na ya binti, na ya watoto watakaozaliwa.