Mtu na Mahali (Mwanzo 16:7-13)



Sisi tuliotoka Kigobe, tukiulizwa ni akina nani, hujibu upesi: watu wa Kigobe, Bujumbura, pale lilipo jumba la Bunge. Tunataja mtaa, barabara, hata mwembe wa jirani. Juma hili tumejiuliza kama hilo ni jibu.

Padre Alexis Kagame wa Rwanda (1912–1981) alitoa kitabu mwaka 1956 juu ya falsafa iliyomo ndani ya Kinyarwanda. Alisema kila kilichopo huingia katika mafungu manne: umuntu, mwenye akili, ikintu, kisicho na akili, ahantu, yaani mahali na wakati, na ukuntu, namna kitu kilivyo. Maneno hayo ni ya Kirundi pia, tumeyanyonya na maziwa ya mama. Kumbe tulisoma falsafa bila kulipa ada! Basi angalieni: tunaulizwa swali la umuntu, tunajibu kwa ahantu. Ndiyo maana tulipopoteza mahali tulidhani tumejipoteza wenyewe. Na siku ya mgao, tukihesabiwa pamoja na magunia, tunajiona tumeshuka hadi ikintu.

Hajiri aliyajua hayo. Katika sura hii, Sarai na Abramu wanapomzungumza hawamtaji jina hata mara moja. Ni mjakazi tu. Anakimbilia jangwani, na pale kwenye chemchemi malaika wa Bwana anaanza kwa kumwita jina lake. Kisha anamwuliza ametoka wapi na anakwenda wapi. Hajiri alijibu la kwanza: anamkimbia bibi yake. La pili hakulijibu.

Tunajua malaika alimwambia arudi. Wako wanaoutumia mstari huo kutuhimiza turudi nyumbani, na wako wanaouruka wanaposoma. Sisi hatuoni kama ni rungu la upande wowote, maana katika sura ya 21 Hajiri huyo huyo anaondoka tena, na huko nako Mungu anaisikia sauti ya mwanawe.

Lililotugusa ni hili: kabla hajarudi, akiwa hana mahali, ndipo alipompa Mungu jina, kwamba ni Mungu amwonaye. Umuntu alikuwa mzima pale jangwani.

Swali la pili tunalo bado. Jumapili baada ya ibada tutakaa tulizungumze. Wazee wetu waliokimbia zaidi ya mara moja tunawaomba waanze.